Kabla ya Kushusha Giaboksi

Katika vitabu vya ufundi ambavyo Toyota ilivitoa kwa ajili ya magari yake ya otomatiki ya miaka ya 1980 na 1990, kuna jaribio moja lisilohitaji kifaa chochote cha kupimia. Fundi anachomoa soketi ya nyaya zinazokwenda kwenye solenoidi za giaboksi, anawasha injini, anaingia barabarani na kubadili gia kwa mkono wake mwenyewe. Akiweka D, gari linapaswa kwenda kwa ovadraivu tangu linapoondoka. Akiweka 2, lishike gia namba tatu. Akiweka L, gia namba moja. R irudi nyuma na P ifunge. Moja ya hizo ikikosekana, kasoro imo ndani ya giaboksi yenyewe. Zote zikipatikana, basi pampu inasukuma, klachi zilizojaribiwa zinashika, na wa kushukiwa kwanza ni umeme. Ni kazi ya dakika chache, na ndani yake limo swali ambalo historia nzima ya ufundi huu imelizunguka: gia imegoma kwa sababu amri haikufika, au amri imefika na kilichoshindwa ni utekelezaji? Hoja yangu ni kwamba wabunifu walilijua swali hilo mapema na wakaacha mlango wa kuliuliza. Karakana, kuanzia Detroit hadi Gerezani ya Dar es Salaam, zilirithi desturi za enzi ya oili tupu, na desturi hizo zimeshusha giaboksi nyingi zilizokuwa nzima.

Desturi hizo hazikuzaliwa na uvivu. Giaboksi ya Hydra-Matic, ambayo General Motors iliitangaza mwaka 1939 na kuiweka kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, iliamua kila kitu kwa oili. Gavana iliyozungushwa na shafti ya kutokea ilitoa presha iliyopanda kadiri mwendo ulivyopanda. Vali iliyounganishwa na pedali ya mafuta ilitoa presha ya pili kulingana na mguu wa dereva. Presha hizo mbili zilishindana kwenye ncha mbili za vali ya kubadilishia gia, na ile ya gavana iliposhinda, gia ilipanda. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, tena imara kiasi cha kufungwa kwenye vifaru vya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa fundi, maana yake ni kwamba amri na utekelezaji vilikaa ndani ya kasha moja, vikaogelea katika oili moja na kuugua pamoja. Klachi iliyoungua iliacha unga, unga ukanasa kwenye vali, vali ikakwama. Fundi alinusa oili, akatazama rangi yake, akafunga geji ya presha, akaandika gari linabadili gia kwa mwendo gani, na mara nyingi hatua iliyofuata ilikuwa kufungua. Kufungua kulikuwa sahihi. Tena kulilipa: katika karakana nyingi za Marekani malipo ya fundi yalifuata saa zilizopangwa kitabuni kwa kila kazi, na ovaholi ya giaboksi ilikuwa na saa nyingi, ilhali kutafuta kasoro kulipewa saa chache.

Umeme uliingia kwa milango midogo, na tangu siku za mwanzo ulionyesha tabia ya kuigiza ugonjwa wa chuma. Baada ya vita, Chrysler iliuza magari yenye gia za nusu otomatiki zilizotumia swichi ya gavana na solenoidi, na zilizokata cheche za injini kwa kitambo ili gia iweze kushuka. Edsel, gari la kampuni ya Ford la mwaka 1958, liliweka vitufe vya gia katikati ya usukani, mahali ambapo madereva walizoea kukuta honi. Mota ya umeme iliyofungwa nje ya giaboksi ndiyo iliyohamisha gia. Mfumo huo uliitwa Teletouch, ulisumbua, na magari ya mwaka 1959 hayakuwa nao tena. Mfano wenye mafunzo zaidi ni Turbo Hydra-Matic 400 ya mwaka 1964. Hii ilikuwa giaboksi ya oili kwa kila hali isipokuwa moja: pedali ikikanyagwa hadi chini, swichi ilipeleka umeme kwenye solenoidi ndani ya giaboksi ili gia ishuke. Swichi hiyo ikikwama ikiwa imewaka, giaboksi iliamini kwamba dereva amekanyaga hadi mwisho saa zote. Gia zilichelewa kupanda, injini ikalia, na kila aliyesikia alidhani giaboksi inakufa. Kumbe kilichokufa ni swichi iliyo nje kabisa, ya kubadilishwa kwa bisibisi.

Miaka ya 1980 ikaleta kisa kingine cha aina hiyo. Ili kuokoa mafuta, watengenezaji walikuwa wakifunga konveta, yaani kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, kwa klachi gari linapofika mwendo wa barabara kuu, na General Motors iliikabidhi solenoidi kazi ya kuamuru kufunga na kufungua. Kwenye giaboksi yake ndogo ya 125C, iliyofungwa katika magari ya kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele, konveta iliyokataa kufunguka iliifanya injini izime gari linaposimama, kama vile dereva wa gari la gia za mkono amesahau kukanyaga klachi. Wapo waliobadilisha kabureta, wapo waliohangaika na cheche. Fundi aliyefikiri alichomoa soketi ya solenoidi na kuendesha tena. Injini ikiacha kuzima, amri ilikuwa inatolewa wakati usiofaa, pengine na swichi ya breki. Ikiendelea kuzima ilhali hakuna umeme unaofika, vali au solenoidi yenyewe imekwama. Ni swali lilelile la amri na utekelezaji, na jibu lake likapatikana kwa kuchomoa waya mmoja.

Kompyuta ndiyo iliyolitenganisha jambo hili waziwazi. Renault ilikwishaanza mwaka 1969 na modeli ya 16 TA, ambayo gia zake ziliamriwa na kifaa cha kielektroniki, lakini mfumo uliokuja kuwafikia wasomaji wa Kiswahili ni ule ambao Toyota iliueneza katika miaka ya 1980. Gavana iliondolewa. Mahali pake pakaja sensa za mwendo, sensa ya pedali, na kontrol boksi inayowasha na kuzima solenoidi mbili. Solenoidi mbili hutoa mipangilio minne, na hiyo ndiyo gia nne: ya kwanza iwake peke yake, ni gia namba moja, zote ziwake, namba mbili, ya pili iwake peke yake, namba tatu, zote zizime, ovadraivu. Mpangilio huo wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. Mhandisi angeweza kuamua kwamba umeme ukikatika gari lishuke hadi gia namba moja. Hebu mtu afikirie gari hilo likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa katika barabara ya Morogoro: magurudumu yangebanwa ghafla. Kwa kuchagua gia ya juu kabisa, mbunifu aliilinda roho ya abiria, na papo hapo akampa fundi dalili isiyofichika. Gari lisilo na nguvu ya kuondoka, lakini linalokimbia vizuri likishika kasi, linasema kwamba huenda halipati umeme kwenye solenoidi zake. Watengenezaji wengine walichagua gia nyingine ya dharura. Chrysler ilichagua namba mbili, na Mercedes-Benz kwenye giaboksi yake ya 722.6 ikafanya hivyo pia baada ya gari kusimama na kuwashwa upya. Kila uchaguzi wa namna hii ni ujumbe kutoka kwa mbunifu, na inasikitisha kuona ujumbe ulioandikwa kwa uangalifu kiasi hicho ukisomwa kama "giaboksi imekwisha."

Mbunifu hakuishia hapo. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikiwaka bila kupepesa inamaanisha tu kwamba dereva amebonyeza kitufe cha kuzuia ovadraivu. Ikipepesa, kontrol boksi imeona hitilafu. Kwenye magari hayo fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akahesabu mipepeso: 61 ni sensa ya mwendo namba mbili, 62 ni solenoidi ya kwanza, 63 ya pili, 64 ile ya kufunga konveta. Hapa ndipo kosa jipya lilipozaliwa, na linaishi hadi leo. Msimbo 62 hausemi kwamba solenoidi ya kwanza imekufa. Unasema kwamba kontrol boksi imeona mzunguko wa umeme wa solenoidi hiyo umekatika au umepiga shoti, na mzunguko huo unaanzia kwenye kontrol boksi yenyewe, unapita kwenye waya mrefu, soketi moja au zaidi na waya mwembamba uliomo ndani ya oili, hadi kwenye solenoidi na ethi yake.

Tuchukue namba halisi. Solenoidi ya gia ya Toyota ya aina hiyo hupimwa kuwa na ukinzani wa omu 11 hadi 15. Tuseme yetu ina omu 13: kwa volti 12 itapitisha mkondo wa ampea 0.92. Soketi ikipata kutu na kuongeza omu 2, jumla ni 15, na fundi anayepima kutokea upande wa kontrol boksi atasema ni nzima, kwa kuwa namba imo ndani ya kipimo cha kitabu. Lakini mkondo umeshuka hadi ampea 0.8. Kisha giaboksi inapata moto. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo kutoka nyuzi 20 hadi 100 zile omu 13 zinakuwa 17, na pamoja na kutu ni 19. Sasa mkondo ni ampea 0.63, theluthi moja pungufu ya ule wa mwanzo. Hilo ndilo gari linalobadili gia vizuri asubuhi na kugoma saa saba mchana kwenye foleni. Likifika karakana limepoa, linapimwa na kuonekana zima, kisha hukumu inatolewa kwamba ugonjwa uko "ndani." Fundi mwenye subira hupima giaboksi ikiwa ya moto, tena hupima volti zinazopotea njiani wakati solenoidi inafanya kazi. Kipimo cha ukinzani wa waya uliolala hakiwezi kumwonyesha hasara hiyo.

Kisa kikubwa cha kihistoria cha kosa hili ni Ultradrive ya Chrysler, iliyotoka na magari ya mwaka 1989. Ilikuwa giaboksi ya gia nne iliyotawaliwa na kompyuta kwa kiwango kilichokuwa kipya kabisa: ilijifunza jinsi klachi zake zinavyolika na kurekebisha amri zake zenyewe. Sensa mbili za mwendo zilikaa ubavuni, zikifunguka kwa nje bila kugusa kitu kingine. Sensa moja ikipotea, giaboksi ilijifungia gia namba mbili. Ilikuwa na kasoro za kweli za chuma na oili, na sina nia ya kuzifuta. Utata wa maelekezo kuhusu aina ya oili ulizidisha madhara. Lakini mfumo wake ulisomwa kwa mashine maalumu ya kampuni, na fundi wa mtaani asiyekuwa nayo aliona gari lililokwama gia ya pili, basi. Aliyeshusha giaboksi hiyo kwa ajili ya sensa alitenda kwa mujibu wa mafunzo yake yote. Vilevile betri ikichomolewa, kompyuta ilisahau iliyojifunza, na gari likatoka karakana likishtuka kwa kila gia hadi lijifunze upya, jambo lililowashawishi wengi kwamba fundi ameharibu.

Mtu atasema: hayo yalikwisha mwaka 1996, Marekani ilipolazimisha magari mapya yote yawe na mfumo wa uchunguzi wa OBD-II, soketi ya matundu 16 na misimbo ya pamoja. Kuanzia hapo P0715 ni sensa ya mwendo wa kuingilia na P0750 ni solenoidi A, kwa gari lolote. Nakubali kwamba hiyo ilikuwa hatua kubwa ya haki: siri ya kampuni iligeuka lugha ya wote. Hata hivyo msimbo ulibaki kuwa jina la mtaa, haujawahi kuwa namba ya nyumba. Na kwa Afrika Mashariki hatua hiyo ilifika nusu. Mengi ya magari yetu yaliundwa kwa soko la ndani la Japani, ambalo sheria ya Marekani haikulihusu. Magari kadhaa ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 yana soketi hiyohiyo ya matundu 16 chini ya usukani, lakini mashine ya kawaida ya kusoma OBD-II ikichomekwa, gari halijibu. Fundi anahitimisha kwamba kompyuta imeungua, kumbe wanazungumza lugha mbili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kiuchumi. Giaboksi ya mtumba kutoka Japani au Dubai inapatikana Gerezani na Kirinyaga Road ya Nairobi, kazi ya mikono si ghali, na saa za kuwinda waya hazina bei inayoeleweka kwa mwenye gari. Kwa nini fundi asibadilishe tu? Hoja hii ni ya watu wanaojua kazi yao, na ushahidi wao mkubwa ni kwamba mara nyingi gari hupona. Lakini ushahidi huo utazamwe vizuri. Giaboksi ya mtumba haiji tupu. Inakuja na solenoidi zake, waya wake wa ndani, aghalabu sensa zake na ile swichi ya ubavuni inayoiambia kompyuta mkono wa gia uko wapi, ambayo kwa barabara zetu hula tope na maji kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo huu. Zaidi ya hapo, wakati wa kubadilisha, kila soketi imechomolewa na kuchomekwa tena, na pini zilizokuwa na kutu zimesuguana. Gari likipona, hatujui kilichoponya ni kipi. Fundi anaondoka na imani kwamba giaboksi ya zamani ilikuwa mbovu, imani hiyo inakuwa uzoefu, na uzoefu unafundishwa kwa kijana wa karakana. Na pale kasoro ilipokuwa kwenye ethi au kwenye kontrol boksi, mwenye gari amenunua giaboksi na ugonjwa umebaki.

Ni kweli pia kwamba mstari kati ya oili na umeme si ukuta. Jaribio la Toyota halimalizi kila kitu. Gia namba mbili haijaribiwi kabisa kwa njia hiyo. Unga wa klachi unaweza kuziba solenoidi ambayo umeme wake ni mzima, na vumbi la chuma hunaswa na sumaku ya sensa ya mwendo hadi isome vibaya. Kompyuta ikitoa msimbo wa uwiano wa gia usio sahihi, P0730, inasema tu kwamba mizunguko inayoingia na inayotoka hailingani, na klachi inayoteleza ni mshukiwa halali. Giaboksi ya 722.6 ya Mercedes-Benz, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, ilivuka mstari huo kwa njia ya ajabu. Mpira mdogo wa kuzibia kwenye soketi yake ya pini 13 ukichoka, oili huvuja hadi kwenye soketi, kisha hupanda ndani ya ganda la nyaya, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi, hadi kufika kwenye kompyuta ya gia iliyo mbali na mbele. Kompyuta iliyojaa oili ya giaboksi! Anayebadilisha kompyuta bila kubadilisha mpira atairudia kazi hiyo. Nao mkasa wa Volkswagen wa mwaka 2013 ulikwenda mbali zaidi: kampuni iliyarudisha karakanani magari yapatayo milioni 1.6 yenye giaboksi ya klachi mbili ya gia saba, kwa sababu oili ya sintetiki iliweza kuleta hitilafu ya umeme ndani yake, hasa penye joto na unyevu. Tiba iliyotangazwa ilikuwa kumwaga oili hiyo na kuweka ya madini. Visa hivi havivunji hoja. Vyote viwili vinadai njia ya amri ifuatwe hatua kwa hatua, na hakuna hata kimoja ambacho kingetibiwa kwa kubadilisha klachi.

Tangu mwaka 2001, ZF ilipoiweka giaboksi ya gia sita ya 6HP26 kwenye BMW za Mfululizo wa 7, kompyuta yenyewe imehamia ndani ya giaboksi, ikafungwa pamoja na vali zake katika oili. Wapo wanaosema kwamba hapo mzunguko umetimia: amri na utekelezaji vimerudi kwenye kasha moja, kwa hiyo kufungua kumekuwa sahihi tena kama mwaka 1940. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu kosa sasa ni ghali zaidi. Kompyuta hiyo ikibadilishwa hudai kuandikiwa programu inayolingana na gari, na ya mtumba iliyotoka kwenye gari lingine huweza kukataa kufanya kazi. Wakati huohuo, mambo mengi yanayoifanya ilalamike bado yako mahali ambapo mkono unafika: betri ambayo volti zake zinaanguka wakati wa kuwasha, waya wa ethi uliolegea kati ya injini na bodi, umeme usiofika kwenye soketi yake kwa sababu ya fyuzi. Hata lile bomba dogo la plastiki ambalo soketi hupitia kuingia ndani, maarufu kwa kuvujisha oili, hukaguliwa kwa tochi gari likiwa limeinuliwa, na betri, ethi na fyuzi hupimwa kwa multimita kabla boliti yoyote haijalegezwa.